Mikopo ya magari ionyeshe pia thamani itakayobaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolishughulikia kwa miaka mingi nikiwa mhasibu na mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na ambalo baadaye lilinikuta mwenyewe nyumbani kwangu. Jambo hilo ni kasi ambayo magari ya bei kubwa hupoteza thamani yake, na jinsi sisi wanunuzi, pamoja na wale wanaotukopesha, tunavyolinyamazia siku ya kutia saini mkataba.

Nianze na lililonikuta. Mwaka 2015, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, nilinunua katika yadi moja ya Dar es Salaam gari la kifahari lililotengenezwa Ulaya, la juu, lenye viti vya ngozi, paa la kioo na shokapu za upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa upepo inayolibeba gari badala ya springi. Lilikuwa limekwisha kutumika Uingereza kwa miaka kadhaa, na bei yake, ushuru na usajili vikiwa vimekwisha kulipwa, ilikuwa shilingi milioni 62. Milioni 22 zilitoka katika akiba yangu, na milioni 40 nilizikopa kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio. Kila mwezi mshahara wangu ulikatwa shilingi 994,000. Niliona nimepata bahati, kwa sababu muuzaji alinionyesha kwenye simu yake bei ya gari kama hilo likiwa jipya, nayo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile niliyolipa. Sikujiuliza kwa nini mwenye gari wa kwanza, aliyelijua kuliko mimi, alikubali kuliachia kwa bei ile.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Julai, nilitoka nje nikalikuta limeinamia upande wa mbele kushoto, tairi limemezwa na bodi. Mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shule alisimama getini, akaniamkia, kisha akasema, "Babu, gari limechuchumaa." Fundi alikuja na ndoo ya maji ya sabuni, akaimwagia mifuko ya upepo mmoja baada ya mwingine, na kwenye mfuko wa mbele kushoto mapovu yakaanza kutokota polepole kama uji. Mpira wa mfuko ule ulikuwa umepasuka kwenye mikunjo, na kwa kuwa ulikuwa ukivuja usiku kucha, kompresa iliyokuwa ikiujaza upya kila asubuhi nayo ilikuwa imechoka. Mfuko mmoja, kompresa na ufundi vilikula fedha zaidi ya makato yangu ya miezi minne. Fundi alinishauri kwa nia njema niondoe mfumo wote wa upepo na kufunga springi za kawaida. Nilikataa, nikiamini kwamba gari likibaki kama lilivyotoka kiwandani litauzika vizuri.

Nilipoliuza mwaka 2020, dalali alinipigia simu usiku wa kuamkia siku ya kumleta mnunuzi, akaniambia, "Mzee wangu, naomba usiliwashe kabla hatujafika." Sababu niliielewa asubuhi. Gari la aina ile likiwashwa, kompresa hulinyanyua na kuficha kilichovuja usiku. Walifika saa moja, na kabla ya kufungua mlango wala boneti walichutama wote wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakapima kwa vidole nafasi iliyo kati ya tairi na bodi kila upande. Kisha mnunuzi akasimama, akajifuta mikono, akataja bei. Baada ya majadiliano marefu nililipwa shilingi milioni 19.

Naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu ifuatayo, kwa maana ndiyo kiini cha barua hii. Makato ya miezi 60 yalifika shilingi 59,640,000. Ukiongeza milioni 22 za akiba yangu, gari lile lilinigharimu shilingi 81,640,000. Ukitoa milioni 19 nilizorudishiwa sokoni, zilizopotea ni shilingi 62,640,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kwa kila mwezi niliokuwa nalo, liwe limetembea au limeegeshwa uani. Humo sijahesabu mafuta, bima, matairi wala ile mifuko ya upepo. Katika miaka yote mitano nilikuwa nikilalamikia bei ya petroli, na mke wangu alikuwa akilalamikia mafundi, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kutaja kushuka kwa thamani, ambako peke yake kulikuwa kukubwa kuliko mafuta na mafundi kwa pamoja. Gharama hii haina risiti. Hakuna anayekuja mlangoni kuidai, na hujitokeza siku moja tu, siku ya kuuza.

Wanaotunga sheria za kodi waliliona jambo hili zamani. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inayaweka magari madogo katika kundi la kwanza la mali zinazochakaa, pamoja na kompyuta, na kuyakadiria uchakavu wa asilimia 37.5 kila mwaka kwenye thamani iliyobaki. Kwa kiwango hicho peke yake, gari la shilingi milioni 100 lingehesabiwa kuwa la milioni 62.5 baada ya mwaka mmoja, la milioni 39 baada ya miaka miwili, la milioni 24.4 baada ya mitatu, na la milioni 15.3 tu baada ya minne. Ni kweli kwamba viwango hivyo ni vya kukokotolea kodi ya biashara wala si bei za sokoni, na gari langu lilibakisha zaidi ya hapo. Hata hivyo, mhasibu anayejaza viwango hivyo kazini kila mwaka, kisha jioni akaenda yadi kununua gari kwa mkopo bila kuvikumbuka, hana wa kumlaumu, na mhasibu huyo nilikuwa mimi.

Sasa kwa nini magari ya kifahari hushuka kwa kasi kuliko magari ya kawaida? Sababu kubwa inaanzia huko yanakotoka. Nchini Uingereza, ambako tunapata mengi ya magari ya Ulaya yenye usukani wa kulia, sehemu kubwa ya magari mapya ya bei kubwa huchukuliwa na makampuni, au na watu binafsi kwa mikataba ya miaka mitatu au minne, na dhamana ya kiwanda mara nyingi huwa ya miaka mitatu. Mkataba ukiisha, magari hurudishwa kwa pamoja, na wakati huohuo dhamana nayo inakwisha. Mnunuzi wa pili anajua kwamba kuanzia siku hiyo kila kitakachoharibika ni juu yake, kwa hiyo hatoi bei ya mwanzo hata kama rangi bado inang'aa. Japani ina utaratibu wake, ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari jipya hufanyiwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na wenye magari wengi huona afadhali wauze kuliko kuyapeleka tena. Basi magari yanayotufikia bandarini Dar es Salaam na Mombasa ni yale ambayo mwenyewe amefika mahali akapiga hesabu, akaona kuendelea kukaa nayo ni hasara.

Kinachofuata ndicho kinachowaumiza watu wetu zaidi. Bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea zake haishuki. Taa ya mbele, moduli ya giaboksi au kompresa ya upepo iliyotengenezwa kwa ajili ya gari ambalo jipya lingekugharimu nyumba nzuri mjini, itaendelea kuuzwa kwa bei inayolingana na gari jipya hata pale gari lenyewe litakapokuwa limefikia bei ya gari dogo la familia. Mwenye uwezo wa kulimudu gari la namna hiyo hataki lenye miaka kumi, hununua jipya. Asiye na uwezo huo analitamani, lakini anaogopa spea, au akishauriwa vizuri huliacha. Wanunuzi wanabaki wachache, na penye wanunuzi wachache mwenye mali huchukua anachopewa. Wazee wetu walisema rahisi ghali, na sijui mahali ambapo maneno hayo mawili yanatimia kama katika gari la kifahari lililopunguzwa bei.

Linganisha na Land Cruiser ya mkonga, ambayo umbo lake la msingi limekuwepo tangu mwaka 1984, au na Hilux. Hayo nayo ni magari ya bei kubwa, tena kubwa sana, lakini hayashuki kwa kasi hiyo. Fundi wa chini ya mwembe kule Mpanda au Namtumbo analifungua na kulifunga, spea zake zipo Kariakoo, na ukivuka mpaka zipo Kirinyaga Road mjini Nairobi, mpya na zilizotumika. Mkulima, mfanyabiashara wa mbao, shirika la misaada na mganga wa wilaya wote wanalitaka. Kwa hiyo sisemi kwamba kila shangingi ni hasara. Ninachosema ni kwamba gari hubakiza thamani kwa kadiri ya watu walio tayari na wanaoweza kulitunza baada yako, na ngozi ya viti haina uzito mkubwa katika hesabu hiyo.

Lipo pia jambo la ushuru, ambalo wanaoagiza magari wenyewe hulijua wakiwa wamechelewa. Mtu anaona mtandaoni gari la kifahari limeshuka bei huko Uingereza hadi likawa karibu sawa na gari la kawaida, analipia, kisha gari linapofika bandarini anakuta Mamlaka ya Mapato haitozi kwa bei aliyolipa, bali kwa thamani iliyomo katika mfumo wake wa kukadiria magari yaliyotumika. Juu ya thamani hiyo huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kila kimoja kikiwa juu ya kilichotangulia, kabla ya tozo nyingine na kabla ya ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka. Anayemuuzia mtu gari hilo miaka mitano baadaye hawezi kumwambia mnunuzi, nirudishie na ushuru wangu. Ndugu zetu wa Kenya wao wamewekewa ukomo: gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza haliingii nchini mwao. Ukomo huo unawakinga dhidi ya magari yaliyochoka kabisa, ingawa hauwakingi dhidi ya kushuka kwa thamani baada ya hapo.

Sokoni kwetu kuna kipimo kingine ambacho hakimo katika kitabu chochote cha uhasibu, nacho ni herufi ya namba ya usajili, inayoonyesha gari lilisajiliwa nchini lini. Muuzaji hatangulizi mwaka wa kutengenezwa, anatangaza "namba D" au "namba E," na mnunuzi huangalia kibao kabla hajaangalia injini. Magari mawili ya aina moja yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja hutofautiana bei kwa mamilioni kwa sababu tu moja lilisajiliwa nchini mapema zaidi. Kwa gari la kawaida tofauti hiyo huvumilika. Kwa gari la kifahari huwa pigo, kwa sababu analiendesha mtu anayetaka kuonekana na kitu kipya, na herufi ikishapitwa na wakati, wateja wa namna hiyo huondoka kwa mkupuo.

Niseme neno fupi kuhusu bima pia, maana nimeona fedha nyingi zikipotea hapo. Wengi huendelea kukata bima kubwa kwa thamani ileile ya mwaka wa kwanza, wakidhani gari likiibwa au likiteketea watalipwa kiasi hicho. Msingi wa bima ni kufidia hasara uliyopata kweli. Kampuni itaangalia bei ya soko ya siku ya ajali, na ada uliyolipa juu ya thamani ambayo haikuwepo haitakusaidia kitu. Kila mwaka kabla ya kuhuisha bima, gari lithaminiwe upya.

Najua nitajibiwa. Vijana niliofanya nao kazi huniambia kwamba gari ni mali kama kiwanja, na hutoa mfano wa Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, toleo la Uhlenhaut Coupé, iliyouzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Gari hilo ni moja kati ya mawili tu ya toleo hilo yaliyotengenezwa, na aliyelinunua hakulitaka la kwendea kazini. Wengine hunikumbusha kwamba kati ya mwaka 2021 na 2022 kuna watu waliouza magari yao kwa bei waliyonunulia au hata zaidi. Hilo ni kweli, lakini lilitokana na uhaba wa vipuri vidogo vya kielektroniki uliokwamisha viwanda duniani kote, magari mapya yakaadimika na yaliyotumika yakapanda. Uhaba ule ulipopungua, bei zilirudi kwenye mwendo wake. Tena mtu akilipwa shilingi zilezile alizonunulia miaka sita iliyopita, aulize kwanza shilingi hizo leo zinanunua nini.

Nisingeandika barua hii kama ingekuwa hasara ya mtu mmoja aliyependa gari zuri. Nimeiandika kwa sababu ya mikopo. Chukua mtu aliyekopeshwa bei yote ya milioni 62 kwa masharti niliyopewa mimi. Baada ya mwaka mmoja wa kukatwa zaidi ya milioni moja na nusu kila mwezi, bado anadaiwa takribani milioni 53.4, kwa sababu sehemu kubwa ya makato ya mwanzo huenda kwenye riba. Ikiwa gari limeshuka robo tu ya bei yake, sasa lina thamani ya milioni 46.5. Akipoteza kazi mwezi huo, akauza gari kwa bei nzuri kabisa na kumkabidhi mkopeshaji kila senti, bado atabaki na deni la karibu milioni saba na hana gari. Kwenye mnada hali huwa mbaya zaidi. Katika chama chetu nilishuhudia gari la mwanachama likinadiwa, fedha zikapungua, na salio likakatwa kwenye akiba za wadhamini wake watatu. Mmoja wa wadhamini hao alikuwa mhudumu wa ofisi ambaye hakuwa na baiskeli. Nilikuwa mimi niliyemwandikia barua ya kumjulisha makato, naye aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu, akaikunja mara nne, akaniuliza kama anaweza kulipa kwa awamu.

Kwa sababu hiyo, ombi langu kwa benki, vyama vya akiba na mikopo, na wale wanaovisimamia ni dogo na halihitaji fedha. Kila anayekopeshwa kwa ajili ya gari hupewa jedwali la marejesho lenye mwezi, makato na salio la deni. Naomba jedwali hilo liongezwe safu moja inayoonyesha makadirio ya thamani ya gari lenyewe mwishoni mwa kila mwaka, na wadhamini nao waione kabla ya kuweka saini. Wakopeshaji hawawezi kusema hawana taarifa hizo. Wao ndio wanaotuma mthamini kabla ya kutoa mkopo, wao ndio wanaokaa na kadi ya gari hadi deni liishe, na wao ndio wanaoyapeleka magari mnadani na kujua yalifikia bei gani. Makadirio yanaweza kukosea kwa milioni mbili au tatu, na yaandikwe wazi kwamba ni makadirio. Katika chama chetu nililipeleka pendekezo hili nikiwa nimekaribia kustaafu, likasogezwa mbele hadi kikao kinachofuata, na sikulisikia tena.

Jedwali langu la mwaka 2015 bado ninalo ndani ya faili. Lina mistari 60, na kwenye mstari wa mwisho, chini ya salio, pameandikwa sifuri. Mkono wa kulia wa karatasi ile kuna nafasi nyeupe ya upana wa vidole vitatu, na ndipo ninapoomba iandikwe safu hiyo kwa wale watakaokopa baada yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu,
Tanga